Taswira ya Akilini Si Mawazo

Mtu akisemwa kuwa "ana mawazo", msikilizaji wa Kiswahili haelewi kwamba anafikiri. Anaelewa kwamba ana dhiki. Neno hilo hubeba hoja, wasiwasi, huzuni, na hata sura ya tukio linalomrudia mtu usiku. Barazani linatosha. Katika saikolojia halitoshi, maana kuliwaza baya kwa maneno na kuliona baya lenyewe akilini hakuumizi sawasawa. Hili la pili ndilo ningependa liitwe taswira ya akilini: kuona, kusikia, kunusa au kuhisi kitu ambacho kwa wakati huo hakipo mbele ya milango ya fahamu.

Mwaka 2005, Emily Holmes na Andrew Mathews walichapisha majaribio ambamo watu walisikilizishwa maelezo ya matukio mabaya. Walioambiwa wayavute matukio hayo akilini waliingiwa na wasiwasi zaidi kuliko walioambiwa wazingatie maana ya maneno, ingawa maelezo yalikuwa yale yale. Baadaye Holmes na wenzake waliwafuata watu 71 waliofikishwa idara ya dharura huko Oxford baada ya ajali za barabarani. Ndani ya saa 6 tangu ajali, baadhi yao waliikumbuka kwa muda mfupi, kisha wakacheza Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande vinavyoanguka. Matokeo, yaliyotolewa 2018, yalionyesha kwamba katika wiki iliyofuata ajali iliwajia bila kuitwa mara chache kuliko ilivyowajia wenzao. Mchezo huo huishughulisha akili kwa maumbo, na taswira ya ajali hukosa nafasi ya kujikita. Anayeandika "mawazo" hapa hawezi kueleza kwa nini ulichaguliwa mchezo wa maumbo.

Wapo watakaosema "picha" yatosha, na inaeleweka na kila mtu. Lakini picha ni ya macho tu, ilhali aliyenusurika moto huweza kuteswa na harufu ya moshi. Njozi ina usingizi na utabiri ndani yake. Maruweruwe humfanya mtu aamini kipo kisichokuwapo. Wengine watadai taswira ni mali ya wahakiki wa fasihi. Sioni ugomvi: mshairi huamsha kwa maneno kitu kile kile anachokichunguza mwanasaikolojia, na darasa la fasihi limekwisha kutuzoesha kwamba taswira huweza kuwa ya hisi yoyote. Pingamizi zito ni la Zenon Pylyshyn, aliyehoji mwaka 1973 kama akili huhifadhi chochote kinachofanana na picha. Ila hoja yake ilihusu namna maarifa yanavyohifadhiwa. Haikukana kwamba watu huona vitu akilini. Tena si wote waonao. Francis Galton, mwaka 1880, aliwataka watu waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa, akakuta wanasayansi wasioona kitu. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia. Watu hao hufikiri vizuri tu. Basi fikra na taswira ni vitu viwili.

Wanaotafsiri hojaji za afya ya akili wasiulize tu, "Una mawazo gani?" Watenge maswali mawili: unajiambia nini, na nini kinakujia akilini, ukikiona, ukikisikia au ukikinusa?