Asistanti na Tasnifu Yake: Historia ya Njia ya Udaktari katika Vyuo Vikuu vya Kongo

Katika vyuo vikuu vya Kongo, mtu aliyemaliza lisanse na kubakizwa chuoni ili afundishe huitwa asistanti. Cheo hicho kinabeba mambo mawili yasiyopatana sana. Asistanti ni mwalimu, kwa kuwa huongoza mazoezi, husahihisha karatasi za mitihani, na mara nyingi hushika somo zima pale profesa anapokosekana. Lakini yeye ni mwanafunzi pia, kwa kuwa bado hajapata udaktari, na bila udaktari hawezi kuitwa profesa. Mkataba wake ni wa miaka miwili, nao huweza kurudiwa. Kisha hupandishwa kuwa mkuu wa kazi, ambaye chuoni kila mtu humwita CT. Kwa asiyekuwa na tasnifu, ngazi inakomea hapo. Wapo waliofikia uzeeni wakiwa bado katika daraja hilo, huku wale waliowafundisha wakiwapita na kuwa wakuu wao.

Watu wengi husema upesi kwamba aliyebaki CT alikuwa mvivu au akili yake ilichoka. Historia haikubaliani na maneno hayo. Tangu mwanzo, udaktari nchini Kongo ulitegemea mambo mawili ambayo mtahiniwa mwenyewe hakuwa na mamlaka juu yake: kumpata promota, na kuipata safari.

Wakati wa ukoloni, njia ya masomo ya juu ilikuwa moja tu, nayo ilipita seminarini. Stefano Kaoze, mtu wa upande wa Tanganyika, alipewa upadre mwaka 1917, wa kwanza miongoni mwa Wakongo. Baada yake vijana wenye kiu ya elimu walijifunza filosofia na teolojia, si kwa sababu wote walipenda kuwa mapadre, bali kwa sababu serikali ya Kibelgiji haikuwafungulia mlango mwingine. Basi si ajabu kwamba madaktari wa mwanzo katika eneo la Maziwa Makuu walikuwa mapadre. Mwaka 1955, mjini Roma, Vincent Mulago kutoka upande wa Bukavu alipata udaktari wa teolojia kwa tasnifu iliyohusu umoja wa uhai kwa Wabashi, Wanyarwanda na Warundi. Mwaka uo huo na katika mji uo huo, Alexis Kagame wa Rwanda alipata udaktari wa filosofia kwa kuichunguza lugha yake ya Kinyarwanda. Yafaa kuangalia jambo hilo kwa makini: wote wawili walikwenda Ulaya wakiwa wamebeba mambo ya nyumbani. Kuhusu walei, Thomas Kanza alimaliza Louvain mwaka 1956, na uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30.

Chuo cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, na Chuo Kikuu Rasmi kule Elisabethville mwaka 1956. Lovanium alikuwa mtoto wa Louvain hata kwa jina. Taratibu zake, vyeo vyake na mitihani yake vilitoka kwa mama. Hapa msomaji wa leo anaweza kupotea. Étienne Tshisekedi, aliyemaliza Lovanium mwaka 1961, anatajwa kuwa Mkongo wa kwanza kuwa daktari wa sheria. Lakini katika utaratibu wa Kibelgiji wa siku zile, udaktari wa sheria ulikuwa shahada ya kumalizia miaka mitano ya masomo, isiyodai tasnifu ya utafiti. Baadaye Wabelgiji wenyewe waliiita lisanse. Jambo hilo halimpunguzii mtu heshima yake, ila linaonyesha kwamba jina la shahada halina budi kusomwa pamoja na mwaka wake.

Udaktari wa utafiti ulikuwa jambo jingine, nao katika miaka ya 60 ulitafutwa hasa Ulaya. Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi, aliandika tasnifu yake ya teolojia Louvain, ikachapishwa mwaka 1965. Miaka miwili baadaye akawa mkuu wa Lovanium, Mkongo wa kwanza kushika kiti hicho. Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alipata udaktari huko huko Louvain mwaka 1970. Njia ilikuwa fupi kwa wachache hao kwa sababu chuo kilikuwa na haraka ya kupata maprofesa wenyeji, na Louvain iliwapokea kama watoto wa nyumba.

Mwezi wa Agosti 1971, baada ya ghasia za wanafunzi wa Lovanium na kuandikishwa kwao jeshini, serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vyote vitatu, pamoja na kile cha Waprotestanti cha Kisangani, kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, yaani UNAZA. Kitivo cha Fasihi kikahamishiwa Lubumbashi. Uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa, lakini matunda yake kwa taaluma za lugha hayakutazamiwa na mtu. Kwa ghafula mji mmoja, tena mji wa Kiswahili, ulikusanya wanaisimu, wanahistoria na wanaantropolojia wa nchi nzima. Kituo cha isimu, CELTA, kilianza kazi. Mudimbe alikuwa mkuu wa kitivo. Johannes Fabian alifundisha hapo mwanzoni mwa miaka hiyo. Asistanti aliyeingia kazini wakati huo aliweza kumpata promota mlangoni pa ofisi yake, na misaada ya masomo ya Ubelgiji, Ufaransa na Marekani ilikuwapo.

Njia za nje zilikuwa mbili, nazo zilitofautiana kuliko walivyodhani wengi kabla ya kuondoka. Katika nchi za Kifaransa, kila kitu kilitegemea promota. Mtahiniwa alimwandikia profesa mmoja, akaeleza mada yake, na barua ya kukubali ya profesa huyo ndiyo iliyomfungulia chuo na hata viza. Baada ya hapo masomo ya darasani yalikuwa machache; mtu aliachwa na maktaba yake na upweke wake. Kwa Wafaransa kulikuwa na fumbo la zaidi: udaktari wa mzunguko wa tatu na udaktari wa taifa vilikuwa vitu viwili, na mpaka mageuzi ya mwaka 1984 yalipoleta udaktari mmoja, asistanti aliyerudi na ule mdogo alilazimika kueleza mara kwa mara amerudi na nini hasa.

Njia ya Marekani ilianza na makaratasi. Mwombaji hakumwandikia profesa mmoja, bali idara nzima: alitakiwa kutuma barua tatu za walimu waliomfundisha, maelezo ya nia yake ya masomo, orodha ya alama zake iliyotafsiriwa, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza, na yote hayo yalitakiwa kufika karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Kwa posta ya Zaire, hilo peke yake lilikuwa mtihani. Aliyekubaliwa alirudishwa darasani kwa miaka miwili au mitatu, akapewa mitihani mikubwa, kisha akatetea mpango wa tasnifu mbele ya kamati ya walimu kadhaa kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Kwa CT aliyekwisha kufundisha miaka minane, kukaa tena kwenye dawati pamoja na vijana wa miaka 22 kulikuwa fedheha kidogo. Hata hivyo kamati ilikuwa na faida ambayo promota mmoja hana: akifa, akihama au akikasirika, wengine wanabaki.

Waliofuata njia hiyo wakafika mbali. Eyamba Bokamba alipata udaktari Indiana mwaka 1976, akafundisha isimu katika Chuo Kikuu cha Illinois. Salikoko Mufwene, aliyepata lisanse Lubumbashi mwaka 1973, alimaliza Chicago mwaka 1979 na leo ni mmoja wa wanaisimu wanaojulikana duniani. Hawakurudi kufundisha nyumbani, na waliorudi hawakubaki wote. Mudimbe mwenyewe aliondoka Zaire mwishoni mwa miaka ya 70, akafia Marekani mwezi wa Aprili 2025. Clémentine Faïk-Nzuji, mchunguzi wa ushairi wa Kiluba, aliendelea na kazi yake Louvain. Kuwalaumu ni rahisi kwa asiyekumbuka mshahara wa profesa wa Zaire ulivyokuwa katika miaka ya 80, wala hofu ya mtu aliyetakiwa kusifu chama.

Lakini kuondoka kwao kulikuwa na gharama ambayo haikuonekana mara moja. Daktari huzaliwa na daktari. Chuo kisichokuwa na maprofesa hakikuweza kuandikisha mtu kwenye DEA, masomo yaliyotangulia udaktari; pasipo DEA hapakuwa na tasnifu; pasipo tasnifu hapakuwa na profesa mpya. Kila aliyebaki nje alikata mnyororo si kwa nafsi yake tu, bali kwa wale kumi ambao angekuwa promota wao. Mwaka 1981 UNAZA ilipovunjwa na vyuo vitatu vikapata uhuru wao, Lubumbashi ilibaki na kitivo chake, lakini viti vilikuwa vimeanza kuwa wazi.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, ambapo wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hata leo. Ubelgiji ikasimamisha ushirikiano wake na Zaire, na kwa asistanti jambo hilo lilikuwa na maana moja kavu: msaada wa masomo uliokuwa umeahidiwa haupo tena. Mwaka uliofuata askari wakapora miji, na walimu wengi wa kigeni wakaondoka. Katika miaka ya 1992 na 1993, kufukuzwa kwa watu wa Kasai kutoka Katanga kuliwaondoa hata baadhi ya walimu wenyeji. Mishahara ililiwa na mfumuko wa bei mpaka wazazi wa wanafunzi wakaanza kuchanga fedha ili maprofesa waingie darasani. Kizazi kilichopata lisanse kati ya 1985 na 1995 ndicho kilichoumia kuliko vyote: kilikuwa kimechelewa kwa misaada ya zamani na kimetangulia mno kwa ile mipya, kwa maana ushirikiano na vyuo vya Ubelgiji ulirudi polepole tu, ukiwa na taratibu za kumgawa mtahiniwa miezi kadhaa Ulaya na miezi kadhaa nyumbani.

Waliojaribu njia ya nyumbani walijua uzito wake. Promota mmoja aliweza kuwa na watahiniwa wengi kuliko siku za juma, akifundisha Lubumbashi, Mbuji-Mayi na Kinshasa kwa zamu. Jopo la kusikiliza tasnifu linahitaji maprofesa kutoka vyuo vingine. Nchi haina barabara ya kuwaleta, kwa hiyo ni tiketi za ndege, na mara nyingi mtahiniwa ndiye aliyezitafuta. Zipo tasnifu zilizokwisha kuandikwa na kukubaliwa katika kikao cha faragha, zikangoja utetezi wa hadhara kwa sababu ya viti viwili vya ndege. Siku ya utetezi ilipofika hatimaye, ukoo mzima ulikuja na nguo mpya, akina mama wakapiga vigelegele kabla rais wa jopo hajamaliza kusoma uamuzi. Hakuna aliyewanyamazisha.

Kwa taaluma za Kiswahili, historia hii imeacha alama inayoonekana kwenye rafu. Makala ya Edgar Polomé juu ya Kiswahili cha Lubumbashi, aliyefundisha Elisabethville kuanzia 1956, ilitoka mwaka 1968, naye tayari alikuwa Texas. Kitabu cha Fabian juu ya Kiswahili na utawala wa kikoloni katika Kongo kilitoka Uingereza mwaka 1986. Tasnifu ya Mwamba Kapanga juu ya mabadiliko ya Kiswahili cha Shaba ilitetewa Illinois mwaka 1991, kule Bokamba alikokuwa akifundisha. Ile ya Vincent de Rooij, juu ya namna watu wa Lubumbashi wanavyochanganya Kiswahili na Kifaransa, ilitetewa Amsterdam mwaka 1996. Kazi hizo ni nzuri, na hakuna anayezisoma asijifunze. Ila zote zimeandikwa kwa Kiingereza, na sauti zilizorekodiwa humo ni za majirani wa wanafunzi wa Lubumbashi, ambao kwa miaka mingi hawakuweza kuzipata. Kule Dar es Salaam, Idara ya Kiswahili hufundisha kwa Kiswahili tangu 1970. Nchini Kongo mtu hutetea tasnifu juu ya Kiswahili kwa Kifaransa, na hilo halimshangazi mtu yeyote joponi. Na katika hayo yote kuna kijitabu cha mwaka 1965 kilichoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha mjini, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, kikieleza historia ya Elisabethville. Fabian alikichapisha upya na kukifafanua mwaka 1990. Yav hakuwa na shahada. Waliokisoma baadaye ndio waliokuwa nazo.

Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, Kongo imeingia katika mfumo wa LMD: lisanse ya miaka mitatu, masta ya miaka miwili, kisha udaktari. Kwa mara nyingine jina limebaki na kilichomo kimebadilika, kama ilivyokuwa kwa daktari wa sheria wa mwaka 1961. Asistanti aliyeajiriwa kwa lisanse ya zamani, ile ya miaka mitano, sasa hukaa ofisi moja na kijana ambaye karatasi yake ina neno lile lile, na kila anapojaza fomu ya kuomba masomo ya nje huongeza mstari mmoja wa kueleza tofauti.