Historia ya Neno la Siri na Faili za Nyumbani
Somo la redio kwa watu wazima

Karatasi hii ni ya wewe uliyelisikia somo letu redioni na sasa wataka kulipitia polepole, na pia ni ya wewe ambaye hukupata nafasi ya kulisikiliza. Leo tunasoma historia ya kitu kidogo ambacho labda unakiandika kila siku bila kukifikiri: neno la siri. Tutaona lilianzia wapi, lilishindwa mara ngapi, na lafaa kiasi gani kulinda faili ambazo mtu ameziweka nyumbani kwake.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Siku hizi mtu aweza kununua kisanduku kidogo cha kuhifadhi faili, ukubwa wake kadiri ya mikate miwili iliyowekwa pamoja. Ndani yake mna diski moja, mbili au zaidi, nacho huunganishwa na ruta ya nyumbani. Humo mwenye nyumba huweka picha za arusi, hati za shamba, na hesabu za chama chake. Watu wote wa nyumbani waweza kuzisoma. Kisha mtoto aliye mji wa mbali asema, "Baba, nami nataka kuziona picha za bibi." Basi baba hufungua njia ya kupitia intaneti, huweka neno la siri, na kumpelekea mtoto anwani. Mtoto hufungua kivinjari chake, huandika jina na neno, na picha anaziona. Ni kazi rahisi. Lakini swali la kujiuliza ni hili: je, ni nani mwingine awezaye kuingia kwa njia hiyo hiyo?

NENO LA KWANZA

Hapo mwanzo kompyuta hazikuwa na haja ya neno la siri. Mashine moja ilijaza chumba kizima, na ilifanya kazi ya mtu mmoja, ikimaliza ya huyu ndipo ianze ya yule. Mnamo Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, bwana Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo mpya ulioitwa CTSS. Kwa mfumo huo watu wengi waliweza kutumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa mbele ya taipureta yake. Basi likazuka jambo ambalo kila mwenye kukaa nyumba ya kupanga analijua: wakiishi wengi chini ya paa moja, kila mmoja hutaka chumba chake kiwe na kufuli. Corbató akampa kila mtumiaji neno lake la siri.

Kufuli hiyo haikukaa hata mwaka mmoja bila kufunguliwa. Mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alikuwa amepewa saa 4 tu kwa wiki za kuitumia mashine, na kazi yake ilihitaji zaidi. Mwaka 1962 alitambua kwamba maneno yote ya siri yamewekwa katika faili moja. Akapeleka kadi ya kuomba faili hiyo ipigwe chapa, na mashine, isiyojua kukataa, ikampigia. Angalia vema: Scherr hakubahatisha neno la mtu yeyote. Alikwenda moja kwa moja mahali yalipowekwa yote.

Mwaka 1966 likatokea jambo la ajabu zaidi, katika mfumo huo huo. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri faili mbili kwa wakati mmoja. Mmoja tangazo la siku, na mwingine orodha ya maneno ya siri. Kwa kasoro ya programu, faili hizo zikabadilishana mahali. Kila aliyeingia akakaribishwa kwa orodha nzima ya maneno ya siri ya wenzake! Siku hiyo hapakuwa na mwizi hata mmoja, lakini siri ilitoka yote.

KUSAGA NENO

Dawa ya ugonjwa huu ilielezwa vizuri mwaka 1979 na mabwana wawili wa maabara ya Bell, Robert Morris na Ken Thompson, waliokuwa wakishughulikia mfumo wa Unix. Dawa yenyewe ni hii: mashine isiliweke neno la siri kabisa. Ilisage, kama tunavyosaga mahindi. Unga haurudi kuwa punje. Ukija kesho na kuandika neno lako, mashine hulisaga tena, kisha hulinganisha unga huu na ule iliouweka. Ukiwa sawasawa, unapita. Tena kabla ya kusaga waliongeza tarakimu za kubahatisha, ambazo wao waliziita chumvi, ili watu wawili waliochagua neno moja wasitoe unga wa namna moja.

Lakini mabwana hao waliona pia udhaifu ulio upande wetu sisi watumiaji. Walikusanya maneno ya siri 3,289 na kuyachunguza. Katika hayo, 2,831, yaani asilimia 86, yalikuwa mafupi mno, au yalipatikana katika kamusi na orodha za majina. Kinu kizuri hakisaidii kitu ikiwa kila mtu ajua ni punje gani zilizotiwa.

NENO NJIANI

Sasa tutoke ndani ya mashine, tulifuate neno likiwa safarini. Tangu mwaka 1971, Abhay Bhushan wa MIT alipoandika kanuni za kwanza za kupeleka faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine, watu wamekuwa wakipelekeana faili kwa mitandao. Wavuti ulikuja baadaye. Tim Berners-Lee aliutungia mpango mwaka 1989 akiwa CERN, karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa utumiwe na watu wote bila malipo.

Mnamo Mei 1996 kanuni za wavuti zilichapishwa, na ndani yake mlikuwa na njia nyepesi ya kufunga ukurasa kwa jina na neno la siri. Mfano uliotolewa humo ulikuwa na mtu aitwaye Aladdin, na neno lake la siri ni lile la kufungulia pango katika hadithi ya Ali Baba. Waandishi walichanganya hadithi mbili, lakini mfano wao ulifaa kuliko walivyodhani. Kumbuka Ali Baba alilipataje neno lile. Hakumhonga mtu wala hakuvunja mlango. Alikuwa juu ya mti, na wezi wakalitamka kwa sauti naye akasikia.

Ndivyo ilivyokuwa njia ile ya 1996. Neno liliandikwa kwa herufi nyingine, lakini halikufanywa fumbo. Yeyote aliyekaa njiani aliweza kulirudisha kama lilivyokuwa kwa dakika moja. Kanuni zenyewe zilionya kwamba njia hii si salama. Ili safari iwe salama, hapana budi njia nzima ifunikwe. Kampuni ya Netscape ilitoa mfumo wa kufanya hivyo mwaka 1995, na mwaka 1999 ukafuatwa na ule uitwao TLS. Ndiyo sababu ya kuziona herufi "https" mwanzoni mwa anwani. Zamani hati ya kuthibitisha anwani ilinunuliwa, na wenye visanduku vya nyumbani wengi waliikwepa gharama. Tangu mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa hati hizo bure, basi udhuru huo umekwisha.

MLANGO WENYEWE

Je, ukiwa na neno refu, lililosagwa vema na kupita katika njia iliyofunikwa, umemaliza kazi? Bado. Mnamo Januari 2022 wenye visanduku vya QNAP, kampuni ya Taiwan, waliamka katika nchi nyingi wakakuta faili zao zimefumbwa na hazifunguki. Wahalifu waliojiita DeadBolt waliacha ujumbe: kila mtu alipe bitcoin 0.03 ndipo apewe ufunguo. Walishambulia visanduku vilivyofunguliwa wazi kwa intaneti, na waliingia kwa kasoro za programu, si kwa kubahatisha maneno ya siri. Mwenye neno zuri na mwenye neno baya walilia pamoja. Mnamo Oktoba 2022 polisi wa Uholanzi waliwalaghai wahalifu hao: walilipa, wakapokea funguo, kisha wakayafuta malipo kabla hayajathibitishwa. Walipata funguo 155. Wengine walibaki na hasara, hasa wale ambao picha zao za pekee zilikuwa ndani ya kisanduku tu.

Basi historia hii yatufundisha kuuliza maswali matatu, wala si moja. Neno limewekwa wapi? Linapita njia gani? Na mlango umefunguliwa kwa nani? Ukitaka kumpelekea mtoto picha, usimpe neno lako la msimamizi; mfanyie jina lake mwenyewe, lifungue folda moja tu. Tumia anwani ya https. Weka tarehe ya mwisho wa ruhusa, na siku hiyo ufunge. Sahihisha programu za kisanduku kila kampuni itoapo marekebisho. Ikiwezekana, usikiweke kisanduku wazi mbele ya intaneti nzima. Waingie kwanza kwa njia ya faragha iitwayo VPN. Na zaidi ya yote, uwe na nakala nyingine mahali pengine pasipounganishwa na kisanduku hicho. Kufuli huzuia mwizi, lakini hairudishi kilichokwisha potea.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Scherr na Ali Baba walilipata neno la siri kwa njia mbili mbalimbali. Eleza tofauti yake.
2. Kwa nini neno zuri halikuwasaidia wenye visanduku mwaka 2022?
3. Katika nyumba yako, ni faili zipi ambazo zikipotea leo hazipatikani tena? Nakala yake iko wapi?

Kwaheri, ndugu msikilizaji, mpaka somo lijalo.