Nani Anamlipia Mzee? Historia Fupi ya Nchi Mbili

Kila tunapokutana kusherehekea tarehe 9 Desemba tunazungumza juu ya bendera, wimbo wa taifa na Mwalimu. Mwaka huu nimeombwa niandike, kama muuguzi, kuhusu wazee. Nimeona nieleze jinsi nchi tuliyotoka na nchi tunayoishi zilivyofika kugharamia matibabu na matunzo yao. Wengi wetu wa Ibra, Sur na Nizwa tuna wazee pande zote mbili, na watoto wetu wanastahili kuijua historia hii.

Tuanze nyumbani. Miaka mingi baada ya Uhuru wa 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa bado akikumbusha kwamba Waingereza walituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, fedha nyingi zaidi zilielekezwa vijijini, kwenye zahanati, vituo vya afya na chanjo. Zanzibar nayo, baada ya 1964, ilitangaza matibabu bure, na wazee wasio na jamaa wakatunzwa na serikali katika nyumba za Sebleni na Welezo.

Kisha mambo yakawa magumu. Bei ya mafuta ilipanda, tukapigana vita na Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na hazina ikapungukiwa. Mwaka 1993 hospitali za serikali Tanzania Bara zilianza kutoza wagonjwa kwa utaratibu wa uchangiaji. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ikaahidi matibabu bure kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Ahadi ilikuwa njema, lakini hospitali nyingi hazikuongezewa fedha za kuitimizia. Mzee alimwona daktari bure, kisha akapewa karatasi akanunue dawa duka la nje. Nilipokuwa nikisomea shahada yangu ya uuguzi ughaibuni, mwalimu wetu mmoja alipenda kutuambia tutazame kwanza fungu la fedha ndipo tuamini sera. Kila nikifikiria wazee wetu wa nyumbani namkumbuka.

Sasa tuje Oman. Vijana waliozaliwa hapa huona hospitali ya Ibra, ya Sur na ya Nizwa wakadhani zilikuwepo siku zote. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na hospitali 2 za misheni ya Kimarekani, Maskati na Matrah, na takwimu za serikali huzihesabia vitanda 12 tu. Barabara ya lami ilikuwa kilomita chache. Mgonjwa wa bara alisafirishwa kwa ngamia au kwa gari juu ya changarawe, na wa Sur alipanda jahazi. Wizara ya Afya iliundwa mwaka huo huo wa 1970. Mafuta yalikuwa yakiuzwa nje tangu 1967, lakini mafuta peke yake hayajengi kliniki, maana ziko nchi zenye mafuta ambazo watu wake hawana dawa. Kuanzia 1976 Oman iliweka mipango ya miaka mitano mitano, na afya ikapata sehemu yake. Waswahili waliorudi kutoka Zanzibar na bara, walipoitwa na Sultan Qaboos, walikuwa miongoni mwa walioziendesha ofisi na hospitali hizo mpya. Umri wa kuishi uliokuwa kama miaka 50 sasa umepita 75. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani liliiweka Oman nafasi ya 8 kati ya nchi 191 kwa utendaji wa mfumo wa afya.

Bei ya mafuta ilianguka mwaka 2014, ikaanguka tena 2020, na Aprili 2021 sote tukaanza kulipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Hata hivyo, kwa Amri ya Kifalme namba 52 ya 2023, kila Muomani aliyefikisha miaka 60 alipangiwa riali 115 kwa mwezi kuanzia Januari 2024. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa wazo kama hilo: Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye zikapandishwa kuwa 50,000. Ni chini ya riali 10, lakini fedha hizo zimo katika bajeti, na mzee hazipigii magoti kwa mtu.

Sisi tuko wapi? Katika nyumba moja ya Ibra unaweza kukuta wazee wawili, wajukuu wa bibi mmoja. Mmoja ni Muomani, ana kadi ya kliniki na riali zake 115. Wa pili amekuja kutoka Unguja kukaa na mwanawe, na kila kipimo analipia bei kamili. Pensheni ya Zanzibar ni ya mkaazi wa Zanzibar, na mafao ya Oman ni ya raia. Katika kazi yangu nimewaona wazee wa namna hii wakikata kidonge cha presha nusu ili dawa zifike mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wenye wazazi Tanzania Bara wafuatilie Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 na wawaandikishe wakiwa wazima. Pili, anayemleta mzee huku amkatie bima kabla ya safari, na aje na barua ya daktari yenye majina ya dawa zake. Tatu, jumuiya yetu itenge fungu la wazee katika bajeti yake ya mwaka. Ukitufika msiba tunachanga usiku ule ule, na sanda na usafiri hupatikana. Mzee huyo huyo akiwa hai na sukari yake, hatuna hata riali moja iliyoandikwa kwa jina lake. Tuiandike katika mkutano mkuu ujao, hata ikiwa kidogo.

Nawatakia nyote Sikukuu njema ya Uhuru.