Sikio la Fundi, Kutoka Pijo hadi Kompyuta

Enzi za Pijo 504 kushindania abiria kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, fundi wa Malava alikuwa na kipimo kimoja: sikio. Alichukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha kwenye injini inayonguruma, mpini akauegemeza sikioni, kisha akageuza skrubu ya kabureta kidogo tu. Injini ikikohoa, alirudisha. Ikitulia, aliagiza chai. Mwenye gari alilipa akaenda zake, na hakuna aliyeuliza hewa na petroli vinachanganyika kwa kiasi gani.

Kiasi hicho ndicho kiini cha habari yote. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Lakini Malava iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na huku hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Gari lililopangwa pwani, likifika Malava bila kuguswa, lilikunywa mafuta, likatoa moshi mweusi na kuchafua plagi. Hapo ndipo bisibisi ilipohitajika. 504 ziliendelea kuunganishwa nchini hadi 2004, kwa hiyo ujuzi huo ulilisha familia nyingi kwa muda mrefu.

Dunia iliuona ugumu huu kupitia Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 yakikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na gari moja lilionja joto la nyanda za chini na baridi ya milimani katika safari moja. Mwaka 1968 magari 93 yaliondoka, 7 tu yakamaliza, na Nick Nowicki akashinda kwa Pijo 404. (Kusema kweli, mengi yaliangushwa na mvua na tope, si kabureta.) 404 hiyo yenyewe haikuwa na kabureta. Pampu ya kimekanika ndiyo iliyorusha petroli, bila waya wala kompyuta.

Kompyuta ilikuwa tayari njiani. Mwaka 1967 Bosch ya Ujerumani ilileta mfumo wa D-Jetronic kwenye Volkswagen 1600: sensa ilipima shinikizo la hewa inayoingia, na kisanduku cha umeme kikaamua injekta ifunguke kwa muda gani. Mwaka 1979 mfumo wa Motronic, uliofungwa kwenye BMW 732i, uliunganisha petroli na cheche chini ya kompyuta moja. Skrubu ikatoweka. Mahali pake likaja jedwali la namba: upande mmoja mwendo wa injini, upande wa pili mzigo inaobeba, na kila kisanduku kina jibu lake. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hupata milisekunde 20 tu kumaliza kazi yake yote, kuvuta hewa hadi kutoa moshi. Hakuna sikio linaloweza kuwahi hapo.

Magari yaliyotumika Japani yalipofurika Kenya, fundi alifungua boneti akatafuta pa kutia bisibisi, asipaone. Jedwali liliandikwa kiwandani, kwa hewa na petroli za Japani, kisha likafungiwa. Na petroli yetu ilikuwa na risasi hadi mapema 2006. Risasi huua sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi, na sensa hiyo ndiyo jicho la kompyuta. Jicho likipofuka, gari hunywa mafuta na lawama humwangukia fundi.

Msiba mkubwa zaidi uliwapata vijana wa Subaru. Patrick Njiru alimaliza wa 4 katika Safari ya 1994 akiendesha Impreza, Colin McRae akashinda kwa Impreza mwaka 1997, na tamaa ikaenea nchi nzima. Mtu akabadilisha bomba la moshi, akafunga turbo kubwa, akadhani amemaliza. Kompyuta ya kiwandani haikuwa na habari ya turbo hiyo. Tena ilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, ambayo super ya kawaida huku haiifikii. Petroli ikaanza kulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, injini ikagonga, pistoni zikapasuka.

Dawa ilikuwa imeshagunduliwa Australia: Haltech ilianza mwaka 1986, MoTeC mwaka uliofuata, zote zikiuza kompyuta ambayo jedwali lake liko wazi. Lakini mimi navutiwa zaidi na Bruce Bowling na Al Grippo, Wamarekani wawili waliotoa MegaSquirt mwaka 2001, kompyuta ambayo mnunuzi aliiunga mwenyewe kwa kuchomea risasi, kipande kwa kipande. Mtu wa jua kali angeielewa siku ya kwanza.

Wanunuzi wengi wa kompyuta hizi huanza kwa kuhesabu njia za waya na kusoma matangazo. Naona wanakosea. Nunua ile ambayo fundi wako anaijua programu yake, hata kama ni ya bei nafuu, mradi iweze kusikia injini ikigonga. Kompyuta ghali yenye jedwali baya huvunja pistoni vilevile.

Kazi yenyewe ni ya subira. Fundi huiambia kompyuta ukubwa wa injekta, huhakikisha taimingi kwa taa yake, hufunga sensa ya oksijeni yenye upeo mpana, kisha hujaza jedwali kisanduku kimoja kimoja, akianza na mwendo wa polepole kabla ya kuipa turbo nafasi. Chini ya turbo petroli huongezwa hadi uwiano ukaribie 12 kwa 1, ili kupoza moto. Na hewa haijasahau kazi yake: kompyuta inayofuata ufunguzi wa koo la injini pekee, bila sensa ya hewa ya nje, itafanya vizuri Malava, kisha ikifika Timboroa, juu ya mita 2,700, itarudia kosa lile lile la kabureta ya Pijo.

Ukimkuta fundi wa kazi hii ameweka laptopu kwenye kiti cha abiria na kuvaa vipokea sauti, usidhani anasikiliza muziki. Waya wa vipokea sauti hivyo unapita chini ya boneti hadi kwenye kipaza sauti kilichofungwa kwa bolti kwenye injini, naye anasikiliza kama inagonga.