Kabla ya Shahada, Kulikuwa na Gorogoro

Siku hizi unaweza kusomea chakula mpaka shahada ya uzamili. Sisemi kilimo, yale mambo ya udongo na mbegu. Nasema sera ya chakula: nani anaruhusiwa kuuza nini, wapi, kwa bei gani, na nani atalala njaa uamuzi ukienda vibaya. Kuna hata mafunzo ya uongozi wa mifumo ya chakula, ambapo watu huchaguliwa kutoka shambani, sokoni na serikalini ili wajifunze kuona safari nzima ya unga kabla haujafika sufuriani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hayo madarasa nayaangalia kutoka nje. Lakini naishi Malaba, na historia ya hapa inaonyesha kitu ambacho matangazo ya kozi huwa hayasemi. Mahindi yalikuwa kosa la jinai kabla hayajawa somo.

Tuanze na mstari wenyewe. Iteso wako pande zote mbili za Mto Malaba, na undugu wao ni wa zamani kuliko geti lolote. Mwaka wa 1902 Waingereza waliuchukua Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliofika hadi Naivasha, wakauweka chini ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Watu walibaki palepale, mpaka ndio uliohama. Debe la mtama lililokuwa likienda kwa shemeji likawa, kwenye karatasi za wakubwa, bidhaa inayovuka nchi.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka wa 1942 serikali ya kikoloni iliweka udhibiti wa mahindi: serikali ndiyo inanunua, serikali ndiyo inapanga bei. Mzungu mwenye shamba kubwa alipata bei nzuri kuliko Mwafrika, ingawa mahindi ni yaleyale. Mwaka huohuo na uliofuata kukawa na njaa, hadi mwaka wa 1943 ikabidi tume iundwe kuchunguza uhaba wa chakula. Vita vikaisha, udhibiti ukabaki. Uhuru ukaja, udhibiti ukabaki bado, sasa chini ya bodi zetu wenyewe. Mwaka wa 1979 bodi hizo ziliunganishwa, tukapata Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, ile NCPB ambayo bado tunaisikia kwenye habari kila msimu wa mavuno. Kwa miaka mingi, kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Ukishikwa barabarani na magunia bila karatasi, mahindi yako mwenyewe yanageuka ushahidi dhidi yako. Vizuizi hivyo vilikuja kuondolewa mwishoni mwa 1993. Yaani mtu aliyezaliwa mwaka huo bado tunamwita kijana.

Na wakati huo wote, nani alikuwa akisomeshwa mambo ya chakula? Pale Njoro, Lord Egerton alianzisha shule ya kilimo mwaka wa 1939, na ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Mwafrika alikuja kufunguliwa mlango miaka ya mwanzo ya 60, na mahali hapo pakawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987. Kwa hivyo sheria zilizombana mama wa Malaba zilitungwa na watu waliosoma katika vyumba ambavyo yeye hangeweza kuingia hata kufagia bila kuulizwa anatafuta nini.

Miaka ya 90 mambo yakageuka kidogo, na yaligeukia hapa kwetu. Chris Ackello-Ogutu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Protase Echessah walifanya utafiti kuhusu biashara isiyoandikwa kati ya Kenya na Uganda, ripoti ikatoka mwaka wa 1997. Njia yao ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya: weka watu mpakani, waangalie kinachopita, wahesabu. Magunia juu ya baiskeli. Beseni kichwani. Maharagwe, mahindi, samaki. Sehemu kubwa ya chakula kilichokuwa kikivuka haikuwa kwenye vitabu vya serikali yoyote. Kile ambacho askari aliita magendo, watafiti walikiita usalama wa chakula. Baadaye, kuanzia 2005, Uganda yenyewe ikaanza kuhesabu biashara hii ndogo kwenye vituo vyake vya mpakani.

Fikiria maana yake. Kilichokuwa kikihesabiwa kilikuwa ni akili ya watu. Mama wa nafaka anajua kwamba mashariki mwa Uganda huvuna mara mbili kwa mwaka, na kwamba mavuno ya kwanza hutoka katikati ya mwaka, wakati Trans Nzoia mahindi bado yako shambani na ghala za Kenya zimeanza kukauka. Anajua gunia la upande ule ni kilo 100 na la huku ni 90, na faida yake imejificha kwenye hizo kumi. Anang'ata punje kujua kama imekauka, na akiwa na shaka anatia mahindi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi, anatikisa. Chumvi ikigandia chupa, unyevu bado upo. Mwisho anakuuzia kwa gorogoro, maana hujaja na pesa za gunia. Hiyo ni sera ya chakula, tena iliyojaribiwa kila siku.

Mwaka wa 2005, shirika la utafiti wa uchumi la AERC, lenye makao Nairobi, lilianzisha shahada ya pamoja ya uzamili katika uchumi wa kilimo. Wanafunzi wa vyuo kama Egerton, Nairobi, Makerere na Sokoine walianza masomo kwao, kisha wakakutana Pretoria kwa masomo maalumu, yakiwemo ya sera na biashara ya kilimo. Mmakerere na Mwegerton wakasoma mpaka wao huko Afrika Kusini. Nacheka, lakini sidharau. Nchi zetu zilihitaji watu wa kusoma takwimu bila kusubiri mgeni aje na ndege.

Halafu tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ikaandika barua: mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie Kenya, kwa sababu ya aflatoksini. Malori yakasimama Malaba na Busia, na Namanga pia. Tarehe 10 marufuku ikalegezwa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha mahali ulikotoka, na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haijazidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Siku tano tu, utasema. Kwa mwenye lori 20 ni hasara ya mwezi mmoja. Kwa mwenye magunia manne ya mkopo, siku tano ni mtaji wote.

Hapa ndipo hadithi ya "mama anajua, msomi hajui" inapokwama. Ile sumu ni ya kweli. Mwaka wa 2004, Makueni, Kitui na majirani zao walizika watu 125 waliokula mahindi yenye aflatoksini. Meno hayaioni na chumvi haiigundui. Unahitaji maabara, na unahitaji mtu aliyesoma. Lakini mtu huyohuyo angekuwa amewahi kukaa wiki mbili kwenye soko la Malaba, angejua kwamba tatizo linaanzia kwenye turubai: mahindi yaliyoanikwa chini wakati wa mvua. Angeandika barua ya aina nyingine. Angeanza na mahali pa kukaushia na kipimo cha bei nafuu hapa mpakani, cheti kifuate.

Chuo Kikuu cha Alupe kiko kando ya barabara ya Busia na Malaba, malori yanapita mlangoni. Sioni kwa nini somo la sera ya chakula lisifundishwe hapo na watu wawili: mmoja mwenye uzamili, mwingine mwenye miaka 30 ya kuuza nafaka, na wote wawili walipwe. Kenya tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya mamlaka ya sifa za masomo, KNQA. Fundi wa magari anaweza kupimwa kwa anachokijua akapewa cheti. Mama wa nafaka naye anajua kitu kinachoweza kupimwa.

Nilimweleza hayo shangazi yangu, anayeuza mahindi karibu na stendi. Alisikiliza huku akipepeta, kisha akauliza, "Na hao wanafunzi watakuja saa ngapi? Kwa sababu mimi saa kumi na moja alfajiri niko kwa geti."