Kombe la Deodhar: Ngazi ya wanakriketi wa kanda nchini India

KOMBE la Deodhar lilikuwa shindano la kitaifa la kriketi ya siku moja nchini India, lililozikutanisha timu za kanda badala ya zile za majimbo. Lilianzishwa msimu wa 1973-74, wakati mechi za aina hiyo zilikuwa bado ngeni kwa Wahindi. Timu yao ya taifa ilicheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya siku moja Julai 1974, dhidi ya Uingereza mjini Leeds, ikashindwa.

Kanda zilikuwa tano: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi na Kati. Kila moja iliteua wachezaji bora kutoka majimbo yake, na Kanda ya Kusini ndiyo iliyotwaa taji la kwanza.

Jina la kombe lilitokana na Profesa Dinkar Balwant Deodhar, mwalimu wa Kisanskriti mjini Pune aliyeiongoza Maharashtra kunyakua Kombe la Ranji msimu wa 1939-40 na kulitetea uliofuata. Mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 52, alipata zaidi ya mikimbio 100 katika kila zamu ya mechi moja. Alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 101. Ajabu ni kwamba mzee huyu alikuwa bingwa wa kriketi ile ndefu ya siku kadhaa, ilhali kombe lake lilikwisha kabla ya jua kutua.

Thamani ya shindano hili haikuwa katika kombe lenyewe. Mchezaji wa jimbo dogo, ambaye mechi zake hazikutazamwa na watu wengi, alipata nafasi ya kupambana na nyota wa taifa mbele ya wateuzi. Mfano ulio wazi ni Mahendra Singh Dhoni wa Ranchi, aliyewahi kuwa mkaguzi wa tiketi za reli mjini Kharagpur. Msimu wa 2003-04 Kanda ya Mashariki ilitawazwa bingwa, naye Dhoni akachangia mikimbio 244 katika mechi nne, ikiwemo 114 dhidi ya Kanda ya Kati.

Hakuna atakayedai kwamba mechi hizo nne pekee ndizo zilizomfikisha alikofika. Hata hivyo, miezi michache baadaye mlinda wiketi huyo alikuwa Nairobi na kikosi cha India A, katika mashindano ya timu tatu yaliyoshirikisha pia Kenya na Pakistan A. Wapenzi wa kriketi jijini, ambao nchi yao ilikuwa imefika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka mmoja kabla, walimshuhudia akiivurumisha Pakistan A na kupata zaidi ya mikimbio 100 mara mbili. Desemba 2004 akaichezea India kwa mara ya kwanza. Mwaka 2011 alikuwa nahodha ilipotwaa Kombe la Dunia.

Kuanzia msimu wa 2015-16 kanda ziliondolewa. Mahali pake pakachukuliwa na India A, India B na bingwa wa majimbo, kisha tangu 2018-19 zikawa India A, B na C. Ushindani wa kijadi ukapotea, kwani ni vigumu kumpata shabiki anayeililia India B.

Baada ya msimu wa 2019-20 kombe halikuchezwa hadi 2023, liliporejea Puducherry likiwa na kanda sita, ya Kaskazini Mashariki ikiwa mgeni. Katika fainali ya Agosti 3, Kusini iliilaza Mashariki kwa mikimbio 45. Mchezaji bora alitoka upande ulioshindwa: Riyan Parag wa Assam, aliyekusanya mikimbio 354. Mwaka uliofuata aliitwa timu ya taifa. Msimu huohuo wa 2024-25, Kombe la Deodhar halikuwemo katika ratiba.