Mbio ndefu nchini: zipo wapi, mwezi gani, na mtu wa Tabora azifikie vipi

Tangu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia mjini Tokyo, Septemba 15, 2025, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio umebadilika. Zamani tulikuwa tukiulizwa ligi inaanza lini. Sasa tunaulizwa: mbio za Moshi ni mwezi gani, za Mwanza unajisajili wapi, na je, mtu wa kijijini asiye na kocha anaruhusiwa kukimbia? Tumejibu hewani mara nyingi, lakini redio ikishasema imesema, na asiyesikia hawezi kurudisha nyuma. Ndiyo maana tumeyaandika hapa, msomaji ayafungue kwenye simu wakati wowote.

Jibu la swali la mwisho ni ndiyo. Mbio kubwa za barabarani hapa nchini ziko wazi kwa kila mtu aliyejisajili na kulipa ada. Simbu na wenzake wanaanzia mstari wa mbele, wewe unaanzia nyuma, barabara ni ileile.

Umbali wenyewe

Marathoni kamili ni kilomita 42.195. Kipimo hicho kilitumika kwenye Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 kikawekwa kuwa cha kudumu. Kwa uwanja wa riadha wa mita 400, ni mizunguko 105 na nusu. Kwa mtu wa hapa ni rahisi zaidi kuwaza hivi: unatoka Tabora mjini kwa miguu kuelekea Urambo, na unapomaliza umefika karibu nusu ya njia.

Nusu marathoni ni kilomita 21.1. Ndiyo inayokusanya Watanzania wengi, na ndiyo tunayomshauri mtu anayeanza, baada ya kuzizoea kwanza zile za kilomita 5 na 10. Ukikimbia kila kilomita moja kwa dakika 6, mwendo wa kawaida wa mtu mwenye mazoezi, nusu marathoni utaimaliza kwa saa 2 na dakika kama 6. Simbu pale Tokyo alimaliza umbali mara mbili ya huo kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda huohuo, na kilichowatenga ni sehemu 3 kati ya 100 za sekunde. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na aliyeileta ni mzaliwa wa Singida, mkoa tunaopakana nao.

Kalenda ya mwaka

Tunaanza na onyo. Tarehe hubadilika kila mwaka, na majina ya mbio hubadilika pia pale mdhamini anapobadilika. Tunachoweza kukupa ni mwezi. Tarehe kamili ithibitishe kwa waandaaji wenyewe. Tunasema hivi kwa sababu tuliwahi kuteleza: mwaka mmoja tulisoma hewani tarehe tuliyoikuta kwenye tangazo la zamani, na kijana mmoja kutoka wilaya ya Sikonge akauza mbuzi wawili, akapanda basi, akafika mji wa watu akakuta mbio zimesogezwa mbele wiki mbili. Nauli ya kurudi alikopa. Tulimwomba radhi, na tangu siku hiyo hatutangazi tarehe ya mbio bila kuwapigia waandaaji.

Mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi ni Kilimanjaro Marathon, Moshi. Hizi ndizo kongwe kati ya kubwa za sasa. Zilianza mwaka 2003 na huvuta wageni kutoka nje kwa sababu ya mlima. Kituo chake ni uwanja wa Ushirika. Kuna kilomita 42, 21 na 5. Watu hudanganywa na picha za mlima wakasahau kwamba njia yenyewe inapanda: ukielekea upande wa Mweka ni mwinuko kilomita nyingi mfululizo, na waliozoea tambarare za Unyamwezi huanza kutembea hapo. Ukitaka kwenda Moshi, tafuta kilima chochote kijijini kwenu ukizoee kuanzia Novemba.

Aprili kuna Ngorongoro Marathon, Karatu, ukanda uliotoa wakimbiaji wengi wa nchi hii, akiwemo Filbert Bayi. Mei ni zamu ya Mbeya, mbio zinazojulikana kwa jina la Tulia. Mbeya iko juu, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Sisi Tabora tuko mita 1,200 hivi, kwa hiyo usishangae pumzi ikikata mapema kuliko nyumbani.

Julai, mwishoni, ni Dodoma. NBC Dodoma Marathon ilianza mwaka 2020, na sehemu ya mapato imekuwa ikienda kwenye vita dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwa maoni yetu hizi ndizo mbio za kwanza zinazomfaa mtu wa Tabora. Mwinuko wa Dodoma na wetu hautofautiani sana, Julai asubuhi kuna baridi, na safari ni ya siku moja kwa basi kupitia Itigi na Manyoni, au kwa treni ya reli ya kati.

Agosti ni Dar es Salaam, CRDB Bank Marathon, nayo ilianza mwaka 2020. Michango yake imesaidia, pamoja na mengine, upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Njia ni tambarare na hewa ni nzito zaidi, na mtu wa bara anaweza kudhani atapaa. Ila Dar ina unyevu. Jasho halikauki mwilini, joto linabaki ndani, na kufikia kilomita ya 15 jua likishapanda utaelewa tunachosema. Punguza mwendo tangu mwanzo.

Mwanza wana Rock City Marathon tangu mwaka 2009, kwa kawaida katika robo ya mwisho ya mwaka, mara nyingi Oktoba. Kwa mtu wa Nzega au Igunga hii ndiyo mbio kubwa iliyo karibu zaidi. Novemba kuna mbio za Serengeti, upande wa lango la Ndabaka. Zipo nyingine nyingi za mikoa na taasisi. Baadhi hudumu, baadhi hufanyika mwaka mmoja zikapotea.

Mkulima achague ipi

Hapa ndipo kalenda ya mjini na ya kijijini zinapogongana. Februari na Machi, wakati wa Moshi, mkulima wa tumbaku yuko shambani anavuna na kukausha majani, na mfukoni hana kitu. Fedha ya tumbaku huanza kuonekana masoko yakifunguliwa katikati ya mwaka, na mahindi nayo yameshaingia ghalani. Kwa hiyo Dodoma, Dar na Mwanza zinaendana na maisha yetu kuliko Moshi.

Hata wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 walipanga hivyohivyo. Walivuna kwanza, kisha kiangazi wakaondoka Unyanyembe kwenda pwani na misafara, wakarudi kuwahi kulima. Mzigo wa mmoja ulikuwa kilo 30 na zaidi, pembe au vitambaa, na njia kutoka Bagamoyo hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800. Mzungu Richard Burton na mwenzake Speke mwaka 1857 waliitembea kwa siku 134. Tembe ya Kwihara, alikokaa Livingstone, iko kilomita chache tu kutoka Kitete, na vijana wanaokimbia asubuhi upande huo wanapita alipopita Chuma na Susi wakiubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Tunapenda kuwakumbusha hilo wanaosema mbio ndefu ni mambo ya Wambulu.

Usajili na fedha

Mbio nyingi sasa zinasajiliwa kwa simu au mtandaoni, na ada hulipwa kwa fedha za simu. Utaandika jina, umri, umbali unaotaka na saizi ya fulana. Ukishalipa unapata ujumbe wenye namba ya uthibitisho, usiufute. Nafasi zina kikomo, na usajili hufungwa kabla ya mbio, mara nyingi wiki kadhaa kabla.

Kosa linalowaumiza watu wa mbali ni kudhani wataichukua namba ya kifuani asubuhi ya mbio. Mara nyingi haitolewi asubuhi hiyo. Hutolewa siku moja au mbili kabla, kwenye kituo kilichotangazwa, na unatakiwa uwe na kitambulisho na ule ujumbe wa malipo. Maana yake panga kulala mjini walau siku moja, na uhesabu chakula na malazi. Ada ni sehemu ndogo ya gharama. Nauli ya kwenda na kurudi ndiyo inayokula fedha.

Ile namba mara nyingi ina chipu ndogo nyuma yake inayosoma muda wako ukipita kwenye mikeka ya kuanzia na ya kumalizia. Usiikunje wala kumpa mtu mwingine akimbie nayo. Akianguka njiani, jina litakalosomwa hospitali ni lako.

Matapeli nao wameshaiona njia. Ukipigiwa simu kwamba umepata nafasi ya bure na utume fedha ya kufungua faili, hiyo si mbio. Lipa kwa namba iliyotangazwa na waandaaji wenyewe tu. Ukiwa na mashaka, muulize afisa michezo wa halmashauri yako au chama cha riadha cha mkoa, ambacho kiko chini ya Riadha Tanzania.

Mazoezi bila kocha

Kwa nusu marathoni jipe miezi mitatu, kwa kamili minne au zaidi. Siku tatu au nne kwa wiki zinatosha kwa mtu ambaye pia analima. Moja kati ya hizo iwe ya mbio ndefu ya taratibu, mwendo unaokuwezesha kuongea na mwenzako, na uiongeze kilomita moja au mbili tu kila wiki. Wanaoumia magoti ni wale wanaoruka kutoka kilomita 5 hadi 15 kwa sababu jana walijisikia vizuri.

Chakula tunacho. Ugali, viazi vitamu, karanga, maharage, mayai. Asali yetu ya miyombo ni sukari nzuri kwa mkimbiaji. Kijiko kimoja au viwili kabla ya kuanza, na kidogo njiani kwa anayekimbia zaidi ya saa moja na nusu. Ila ijaribu mazoezini kwanza, tumbo lisikusaliti siku ya mbio. Kitu kipya chochote, hata raba, hakianzi siku ya mashindano.

Maji unywe kidogo kidogo kwa kiu. Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari, kwa sababu chumvi ya mwili inazimuka na mtu anaweza kupoteza fahamu. Ukiona kizunguzungu, jasho limekata ghafla, au kifua kinabana, simama na uite watoa huduma ya kwanza. Mwenye homa asikimbie. Apime malaria kwanza, apone, ndipo arudi mazoezini. Na mwenye presha, kisukari au tatizo la moyo aende zahanati kabla hajaanza mazoezi, si wiki ya mbio.

Barabarani kimbia ukiwa umeelekeana na magari, na vaa nguo nyeupe alfajiri. Bodaboda zisizo na taa ni nyingi kuliko tunavyokiri. Dada zetu tunawashauri watoke wawili au watatu; na wazazi wanaouliza binti anakimbilia wapi, wajue kwamba Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41, na Berlin ni moja ya mbio ngumu zaidi kuingia tatu bora.

Waliotangulia

Wasikilizaji wazee hutukumbusha Juma Ikangaa tukimsahau. Aliingia wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na ule wa 1988 alipitwa kwa sekunde moja na Mkenya Ibrahim Hussein. Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2:08:01. Suleiman Nyambui alishinda Berlin 1987 na 1988. Gidamis Shahanga, Francis Naali na Samson Ramadhani walileta dhahabu za marathoni ya Jumuiya ya Madola, miaka ya 1978, 2002 na 2006. Gabriel Geay alikimbia saa 2:03:00 Valencia mwaka 2022.

Anayeulizwa zaidi, hata hivyo, ni aliyeshika mkia. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, goti likateguka. Alifungwa bandeji akaendelea, akaingia uwanjani giza limeshashuka, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza; wengine zaidi ya 15 waliokuwa wameanza naye hawakumaliza kabisa.

Kwa anayelenga Dodoma, mazoezi ya miezi minne yanaanza Machi. Tarehe za mbio zikithibitishwa tunazisoma kwenye kipindi cha michezo, na tutaziongeza kwenye ukurasa huu.